Sauti Mbili, Gitaa Moja: Creed, Alter Bridge na Kipimo cha Mwimbaji



Vijana wetu wa huku ughaibuni wana mtindo wa kuwapanga waimbaji kwa oktavu. Huyu ana tatu, yule ana nne, mwingine anadaiwa kuwa na tano, na mwenye nyingi ndiye anayevishwa taji. Majedwali huchorwa, noti ya chini kabisa upande huu na ya juu kabisa upande ule, na ubishi hukesha. Sisi tunaoishi kwa kupima vitu hatuna haki ya kuwacheka. Lakini kazi ya uhandisi ina adabu yake: kabla hujashika kipimo, ujue unapima nini na kwa ajili gani. Anayenunua winchi ya bandarini haulizi urefu wa mkono wake peke yake. Huuliza itanyanyua tani ngapi, mkono ukiwa umenyooshwa kiasi gani, na ikishanyanyua imebakiwa na nguvu gani.

Makala haya yanamhusu mwimbaji ambaye kwa jedwali la oktavu hashindi, na kwa vinywa vya wahakiki amechekwa miaka mingi, lakini nyimbo zake zimenunuliwa na mamilioni na zimeimbwa na viwanja vizima. Naye ni Scott Stapp wa bendi ya Creed. Tutamweka kando ya mwimbaji mwingine, Myles Kennedy wa bendi ya Alter Bridge, ambaye kwa jedwali hilo hilo anampita mbali. Hatukuwaokota wawili hawa kwa kubahatisha, kama msomaji atakavyoona.

Kwa wale ambao muziki huu wanausikia kupitia ukuta wa chumba cha watoto tu, tueleze kwa kifupi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mji wa Seattle na vitongoji vyake, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ilizuka roki iliyoitwa granji: magitaa mazito, nguo za kawaida, maneno ya uchungu. Nirvana, Pearl Jam, Soundgarden na Alice in Chains ndizo zilizovuma zaidi. Kurt Cobain wa Nirvana alipofariki Aprili 1994, mtindo haukufa naye. Bendi za majimbo mengine ziliuchukua uzito ule wa magitaa na unene ule wa sauti, zikaupiga msasa, zikautengeneza uingie redioni. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa post-granji, yaani granji ya baadaye, na ilitawala redio za roki za Marekani tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi miaka ya 2000.

Creed ilitokea mbali kabisa na Seattle, katika mji wa Tallahassee, jimbo la Florida. Stapp aliimba, Mark Tremonti akapiga gitaa, Brian Marshall besi na Scott Phillips ngoma. Albamu yao ya kwanza, My Own Prison ya mwaka 1997, ilirekodiwa mara ya kwanza kwa gharama ya dola 6,000 hivi, fedha ambazo kwa bendi kubwa zingeishia kwenye chakula cha mafundi. Ya pili, Human Clay ya mwaka 1999, ilithibitishwa huko Marekani kuvuka nakala milioni 11. Wimbo wa With Arms Wide Open ulifika namba moja mwaka 2000, na mwaka 2001 ukawapatia tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa roki. Kisha mwaka 2004 bendi ikavunjika.

Hapo ndipo jambo la kumvutia mhandisi linapoanza. Mwaka huo huo wa 2004, Tremonti, Marshall na Phillips, wale wale watatu waliopiga vyombo katika albamu mbili za kwanza za Creed, waliunda bendi mpya, wakamwita Myles Kennedy awe mwimbaji. Katika maabara, anayetaka kujua kazi ya kitu kimoja huviacha vingine vyote kama vilivyo, akakibadilisha kile kimoja tu. Katika muziki bahati hiyo ni adimu, kwa sababu bendi zinapovunjika kila mtu hushika njia yake. Hapa gitaa ni lile lile, besi ni ile ile, mkono wa mpiga ngoma ni ule ule. Kilichobadilishwa ni koo.

Tuanze na koo lenyewe. Sauti ya mtu hutokana na nyuzi mbili za nyama ndani ya koo zinazotetemeka pumzi inapopita kati yake. Zikitetemeka polepole sauti huwa nzito, zikitetemeka haraka huwa nyembamba. Kupanda oktavu moja ni kuongeza idadi ya mitetemo maradufu. Katika kwaya, mwanamume wa sauti ya kati, anayeitwa baritoni, huhesabiwa kuwa na uwanja wa kati ya mitetemo 98 na 392 hivi kwa sekunde, yaani oktavu mbili. Mwanamume wa sauti ya juu, anayeitwa tenori, huhesabiwa kati ya 131 na 523. Waimbaji wa roki huvuka mipaka hiyo kwa kupiga kelele juu na kunguruma chini, lakini ramani ni hiyo. Stapp ni baritoni. Kennedy ni tenori, tena wa wale wanaoweza kupanda juu zaidi kwa sauti nyepesi ya kichwani bila msikilizaji kusikia mahali alipovuka.

Sasa tazama kitu ambacho jedwali la oktavu halikioneshi. Chukua noti moja yenye mitetemo 330 kwa sekunde. Wote wawili wanaifikia. Katika jedwali ni noti moja tu, haina tofauti. Lakini kwa baritoni noti hiyo iko karibu na dari. Akitaka kuishika kwa sauti nzima ya kifuani hana budi kukaza nyuzi, kuongeza pumzi na kufungua kinywa. Kwa tenori noti hiyo ni sebuleni. Anaweza kukaa hapo akazungumza na wageni. Mfano wake ni boriti mbili, moja iliyojengwa kubeba tani 10 na nyingine tani 20, zote zimewekewa mzigo wa tani 9. Mzigo ni ule ule, lakini boriti ya kwanza unaiona inapinda.

Na sikio la binadamu ni hodari mno wa kusikia boriti inapopinda. Fundi wa studio anaweza kuishusha sauti ya mwimbaji kwenye mitambo mpaka ilingane na mnong'ono, lakini hawezi kutudanganya kwamba mtu yule hakuwa anapaza. Sauti iliyokazwa hubadilika rangi: mitetemo midogo ya juu, ile inayopanda pamoja na noti yenyewe, huzidi nguvu, na sauti hupata ukali kama wa tarumbeta. Mama anayeitwa na mtoto wake kutoka chumba cha tatu hujua kwa rangi ya sauti, si kwa ukubwa wake, kama mtoto anataka maji au ameumia.

Nyimbo za Creed zimejengwa juu ya jambo hili. Karibu zote zina umbo moja. Ubeti huanza chini, mahali ambapo baritoni amestarehe, maneno yakitoka kama ya mtu anayejisemea peke yake. Kisha kiitikio hunyanyuka, magitaa yakafunguka, na mwimbaji akapelekwa mpaka kwenye dari yake na kubakizwa hapo. Sikiliza Higher, wa Human Clay. Jina lenyewe ni ombi la kupandishwa, na sauti inayoomba ni ya mtu ambaye tunamsikia kwamba kwa nguvu zake mwenyewe amefika mwisho. Mpe wimbo huo tenori mwepesi na ombi linapotea, kwani nani atamwonea huruma anayeomba kupandishwa ngazi aliyokwisha kuipanda?

Lugha ya nyimbo hizi nayo ni ya dua. Stapp amelelewa katika nyumba ya Kipentekoste yenye masharti makali, na ingawa Creed walikuwa wakikataa kuitwa bendi ya dini, maneno ya dhambi, toba, gereza la nafsi na kuinuliwa yamejaa tele. Anayeomba dua haitakiwi asikike kama mwenye uwezo. Kwa hiyo ufinyu wa uwanja wa Stapp, ambao jedwali linauandika kama upungufu, ndani ya nyimbo hizi umegeuka kuwa maana.

Tusimsifu kupita kiasi, kwa sababu waliomcheka nao hawakucheka bure. Kilichowaudhi hakikuwa dari yake. Kiliwaudhi kile anachokifanya na irabu, na hili nalo lina elimu yake. Njia ya sauti ya mwanamume, kutoka kwenye nyuzi mpaka midomoni, ni mfano wa bomba lenye urefu wa sentimita 17 hivi, lililozibwa upande mmoja na wazi upande wa pili. Bomba la namna hiyo hupenda kuvumisha mitetemo ya karibu 500 kwa sekunde, kisha 1,500, kisha 2,500. Sasa mwimbaji akikishusha kikoromeo, yaani ile nundu inayopanda na kushuka mtu anapomeza mate, na akavuta ulimi nyuma na kuviringa midomo, bomba linarefuka. Likiongezeka sentimita mbili tu, ule mvumo wa kwanza hushuka kutoka 500 na kitu hadi karibu 460, na ile ya juu hushuka pamoja nao. Sauti inakuwa nzito na ya giza kuliko umbile la mtu mwenyewe. Ni kama kijana aliyevaa koti la baba yake.

Gharama yake ni irabu. A inaelekea O, I inaelekea E, na mwisho wa neno unaachiwa mkia kama R iliyomezwa. Waimbaji wengi wa kizazi kile walifanya hivyo, na chemchemi iliyotajwa zaidi ni Eddie Vedder wa Pearl Jam, tangu albamu ya Ten ya mwaka 1991. Stapp aliambiwa mchana kweupe kwamba anamwiga Vedder. Kwa msikilizaji aliyelelewa na taarabu, uigaji si ndiyo kosa la kwanza. Kosa la kwanza ni kumeza maneno. Sisi tumezoea kulipima koo pamoja na ulimi: mwimbaji anayeviringa irabu hula mashairi ya mtu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa na sauti iliyokwaruza kama mlango wa jahazi, wala hatujapata kusikia mtu akizihesabu oktavu zake. Lakini neno lake lilifika uani.

Kwa kipimo hicho Stapp ana deni, na deni hilo liliongezeka kila albamu. Katika My Own Prison uzito ule una sababu: mtu anazungumza kutoka kifungoni, sauti imefungwa pamoja naye. Kufika Weathered ya mwaka 2001, uzito umekuwa mazoea. Kila neno linaegemewa, neno la shida na neno la kuunganishia, jambo kubwa na jambo dogo. Mhandisi anajua kwamba boriti inayoonekana imepinda wakati wote haimwambii mtu kitu kuhusu mzigo, maana hujui sasa imebeba nini. Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Kabla ya kupasuka kuna msiba mwingine mdogo: watu hawaisikilizi tena.

Lakini liko suala ambalo wahakiki walilivuka haraka, na sisi tunaosoma jarida hili hatuna budi kusimama hapo. Ni lile la sauti ya kuazima. Walisema: hii si sauti yake, ameivaa, kwa hiyo ni ya uongo. Je, ni nani miongoni mwetu asiyekuwa na sauti aliyoivaa? Kila mmoja wetu ana ile ya kujibu simu ya ofisini, irabu zimebanwa, R zimepunguzwa au zimeongezwa kulingana na nchi tuliyofikia, na ana ile ya nyumbani. Tuliivaa ya kwanza ili tueleweke, tusikilizwe, tusiulizwe mara tatu tunatoka wapi. Baada ya miaka 20 au 30 si vazi tena. Imeshika mwili. Tumeomba kazi kwayo, tumebishana kwayo, tumefarijiana hospitalini kwayo. Kusema kwamba yote tuliyoyasema kwa sauti ile ni uongo ni kuifuta nusu ya maisha yetu.

Hoja hii haimtoi Stapp hatiani moja kwa moja. Inabadilisha swali tu. Badala ya kuuliza sauti umeitoa wapi, tunauliza umeitumia kusema nini, na je, kuna kitu ambacho bila sauti hiyo usingeweza kukisema? Wimbo wa With Arms Wide Open ndio ushahidi wake bora. Aliandika maneno yake alipopata habari kwamba atakuwa baba. Unaanza chini kabisa, gitaa likidondoa noti moja moja, na mwimbaji anaongea na nafsi yake kwa sauti ile nene ya kuazima. Kwa mara hii koti la baba limepata mahali pake: kijana wa miaka ishirini na kitu amevaa sauti ya mtu mzima kwa sababu ameambiwa atakuwa mtu mzima, apende asipende. Sauti inapopanda baadaye na kukaza, tunasikia furaha na hofu katika pumzi moja. Pana ukubwa uliovaliwa mapema, nao ndio wimbo wenyewe.

Tumgeukie Kennedy. Alizaliwa Boston mwaka 1969, akakulia Spokane katika jimbo la Washington, akasoma muziki, akapiga jazi, akafundisha gitaa, na kabla ya Alter Bridge aliimba katika bendi ya The Mayfield Four. Sauti yake iko wazi, kikoromeo hakikushushwa, irabu zinatoka zilivyo, na mtikisiko wake ni mwembamba na wa haraka. Hata wakongwe walimwona: mwaka 2008 alifanya mazoezi na Jimmy Page na John Paul Jones wa Led Zeppelin, na tangu 2010 ameimba na mpiga gitaa Slash.

Katika albamu ya kwanza ya Alter Bridge, One Day Remains ya Agosti 2004, jaribio letu linaonekana kwa uwazi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sehemu kubwa ya nyimbo zilitoka kwa Tremonti, yule yule aliyeshiriki kuzijenga nyimbo za Creed. Umbo ni lile lile: ubeti chini, kiitikio juu. Lakini mwimbaji mpya hapati dari pale ilipokuwa. Katika Open Your Eyes kiitikio kinapanda naye anapanda, kisha anapanda tena, kwa sababu anaweza. Unastaajabu. Unapomaliza kustaajabu unagundua kwamba ulikuwa ukimtazama mwimbaji, si kuusikiliza wimbo. Nyumba iliyojengwa kwa mtu wa kimo cha wastani imepangishwa kwa mtu mrefu, na yeye, kwa ukarimu wake, ameamua kuruka paa badala ya kuinama.

Hata hivyo albamu hiyo ina wimbo unaomwonesha katika ubora wake, nao ni In Loving Memory. Tremonti aliuandika kwa ajili ya mama yake aliyekuwa amefariki. Zingatia hali ilivyo: Kennedy, mgeni ndani ya bendi, amekabidhiwa msiba wa mwenzake aubebe kinywani. Yule anayeweza kupaa popote anaamua asipae. Anaimba katikati ya uwanja wake, kwa utulivu, kama jirani anayesoma khitma katika nyumba isiyokuwa yake: sauti haimhusu yeye. Huu ni ustadi ambao Stapp hakuwa nao, na hauna uhusiano na noti ya juu kabisa. Hapa upana wa sauti ni akiba. Kwa kuwa tunajua kule juu pako na hakwenda, kule kutokwenda kunatugusa.

Miaka mitatu baadaye, katika Blackbird ya mwaka 2007, bendi ilikuwa imeijua sauti iliyonayo. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 8. Unaanza kimya, unakua taratibu, magitaa mawili yanapokezana, kwanza Kennedy kisha Tremonti, na sauti inapofika juu imekwenda huko kwa sababu hakuna mahali pengine palipobaki. Ni wimbo wa rafiki aliyefariki, na ile sauti nyembamba ya kichwani haisikiki kama nguvu. Inasikika kama kitu kinachoachia na kuondoka. Stapp asingeuweza, na hata kama angezifikia noti, angezifikia kwa mapambano, na wimbo hauzungumzii mapambano. Unazungumzia kuruhusu. Nyumba hii ilijengwa kwa kimo cha mpangaji wake.

Msomaji makini atatukatiza hapa: jaribio lenu halikuwa safi. Ni kweli. Mtayarishaji wa studio alibadilika, Kennedy mwenyewe alianza kuandika na kupiga gitaa zaidi, na biashara ya muziki ya mwaka 2004 haikuwa ya mwaka 1999, kwa sababu watu walikuwa wamejifunza kuchukua nyimbo kwenye intaneti bila kulipa. Kwa hiyo hatutasema kwamba kwa kuwa Human Clay ilithibitishwa kwa nakala milioni 11 na One Day Remains kwa nakala laki 5, basi baritoni amemshinda tenori. Mauzo hayapimi koo. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini hata kibaya kikitembezwa vizuri hununuliwa.

Ushahidi tunaouamini zaidi ulikuja miaka mingi baadaye, kutoka uwanja wa michezo. Mwaka 2023 timu ya besiboli ya Texas Rangers iliufanya Higher kuwa wimbo wake, wachezaji wakiusikiliza chumbani mwao na maelfu ya mashabiki wakiuimba viwanjani, mpaka timu ikatwaa ubingwa mwaka huo huo. Creed nao wakarudi pamoja, wakazunguka kufanya maonesho mwaka 2024, na wimbo uliokuwa mzaha ukawa furaha ya watu ambao wengine walikuwa watoto ulipotoka. Wako waliosema ni kuikumbuka zamani tu. Hatudhani hiyo inatosha, maana nyimbo za zamani ni nyingi na si zote zinazosimamisha uwanja.

Sisi tunaona sababu iko katika ramani ile ya mitetemo. Wanaume wengi duniani si tenori. Sauti zao ni za kati, na dari yao iko karibu na dari ya Stapp. Uwanja mzima unapouimba ubeti wa Higher, kila mtu yuko chini, amestarehe. Kiitikio kinapopanda, maelfu wanafika mwisho wa nguvu zao kwa wakati mmoja na mahali pamoja na yule aliyeurekodi. Wanakaza anapokaza. Koo zinauma anapoumia. Hakuna aliye peke yake katika upungufu wake. Jaribu kuuimba kiitikio cha Open Your Eyes kama Kennedy, halafu utuambie umeishia wapi: wengi wetu tutaiacha sauti ya juu njiani na kuanza kumsikiliza. Kuna mwimbaji tunayemsikiliza na kuna mwimbaji tunayeimba naye. Jumuiya inawahitaji wote wawili, lakini jedwali la oktavu linamwona mmoja tu.

Tremonti naye, mtu wa katikati, ameingia kwenye jaribio kwa hiari yake. Mwaka 2022 alitoa albamu ya nyimbo za Frank Sinatra akiziimba mwenyewe kwa sauti yake ya kibaritoni, kwa ajili ya kuchangia watu wenye hali ya Down. Hakuna gitaa zito, hakuna kupaza. Mtu aliyesimama miaka 25 kando ya sauti mbili kubwa, moja ikipambana na moja ikipaa, alipochagua nyimbo za kutolea sadaka alichagua zinazotaka neno lisikike na pumzi itoshe.

Basi hukumu yetu ni hii. Myles Kennedy ana chombo bora, na kuanzia Blackbird amejua kukitumia. Scott Stapp ana chombo kidogo, amekivisha irabu zisizo zake, na mara nyingi amekitumia kwa pupa. Lakini katika nyimbo nne au tano, pale mzigo ulipolingana na boriti, ametenda jambo ambalo Kennedy kwa vipaji vyake vyote hawezi kulitenda: amewafanya watu wasiojua kuimba wausikie ukomo wao wenyewe bila kuuonea haya. Waliomcheka kwa koti la kuazima na wanaomshusha kwenye majedwali wamefanya kosa lile lile. Wameikagua winchi, hawakutazama ilichonyanyua.

Kwa hiyo kijana wako akija na jedwali lake, usimnyang'anye. Muulize tu: mwimbaji huyo, pale alipofika juu kabisa, alikuwa amebeba nini? Akiwa na jibu, kaeni chini muusikilize wimbo huo pamoja.